Pikipiki mpya: nitoe pesa zote taslimu au nilipe kwa awamu?

Swali kutoka Wete, Pemba: "Assalaamu alaykum. Mimi ni mwalimu wa skuli ya serikali. Nyumbani ni Wete, kazini ni upande wa Micheweni. Kila siku napanda daladala mbili kwenda na mbili kurudi, jumla Sh 4,000. Msimu uliopita mikarafuu yetu ilizaa vizuri, nimeweka Sh 3,600,000. Pikipiki mpya ya cc 125 ninayoitaka iko dukani Unguja, taslimu ni Sh 3,100,000. Duka hilo hilo linatoa kwa awamu: kianzio Sh 900,000, kisha Sh 245,000 kila mwezi kwa miezi 12. Ami yangu ananikataza, anasema kulipa kwa awamu ni riba. Mwalimu mwenzangu ananiambia mtu hamalizi akiba yake yote kwa siku moja. Na mpwa wangu anataka jioni aifanyie bodaboda. Nishike la nani?"

Wa alaykumus salaam, Mwalimu. Ami yako nitamfikia, na mwenzako pia. Kwanza tuifungue karatasi ya duka, maana hapo ndipo watu wengi wanapopigwa wakiwa macho.

Kianzio Sh 900,000. Miezi 12 mara Sh 245,000 ni Sh 2,940,000. Jumla utakuwa umetoa Sh 3,840,000 kwa kitu ambacho jirani yako akienda na pesa mkononi anakipata kwa Sh 3,100,000. Tofauti ni Sh 740,000. Mtu akiigawa tofauti hiyo kwa bei ya pikipiki anapata kama 24 kwa mia, anasema si mbaya. Lakini duka halikukukopesha Sh 3,100,000. Laki tisa umeziweka mezani mwenyewe siku ya kwanza, kwa hiyo deni ni Sh 2,200,000 tu. Na hilo nalo halikai pale pale mwaka mzima: mwezi wa pili limeshapungua, mwezi wa sita limebaki kama nusu, mwezi wa mwisho ni kijipande. Ukilipima kwa wastani, pesa ya duka unayokaa nayo kwa mwaka ni kama Sh 1,200,000. Kwa kukaa na milioni moja na laki mbili, unalipa laki saba na arubaini. Ni zaidi ya nusu ya pesa yenyewe. Sisemi duka ni wezi. Wao wanabeba hasara ya wanaotoroka, na anayelipa vizuri ndiye anayewafidia wenzake. Wewe mwenye mshahara wa kila mwezi unatozwa bei ile ile ya kijana asiyejulikana anakaa wapi.

Sasa jambo ambalo hukuliuliza, nalo naliona kubwa kuliko yote. Je, pikipiki hii itajilipa? Unatumia Sh 4,000 kwa siku, siku 22 za kazi, yaani Sh 88,000 kwa mwezi. Kutoka Wete kwenda Micheweni na kurudi ni kama kilomita 50. Pikipiki mpya ya 125 ikiendeshwa kwa ustaarabu inakwenda kilomita 50 hivi kwa lita, basi chukulia lita moja kila siku. Bei ya petroli ZURA, mamlaka inayosimamia nishati Zanzibar, huitangaza kila mwezi, inapanda na kushuka; kwa kurahisisha hesabu tuiweke Sh 3,000. Hapo ni Sh 66,000 kwa mwezi. Kinachobaki katika nauli yako ya zamani ni Sh 22,000, na humo utoe oili, mnyororo, tairi, pedi za breki, na bima ya kila mwaka.

Kwa hiyo pikipiki haitakuingizia kitu. Itakupa muda: hutasimama Konde kungoja gari ijae, utafika kabla ya kengele, utawahi alasiri nyumbani. Muda ni mali, simdharau anayeununua. Lakini rejesho la Sh 245,000 halilipwi kwa muda, litatoka kwenye mshahara, lote, miezi kumi na mbili, ikiwemo mwezi wa Ramadhani na mwezi wa kununua sare na madaftari. Aliyekopa kwa kitu kinachozalisha anaweza kusema kitu kitajilipa. Wewe huna neno hilo, labda kwa mpwa wako, na yeye ninamwekea nafasi yake mwisho.

Ukisoma mpaka hapa utadhani nakwambia utoe taslimu umalize. Ndipo ninapomrudia mwenzako, maana hakukosea.

Sh 3,100,000 ni bei ya pikipiki ikiwa imesimama dukani. Kuna usajili, bima, helmeti mbili, meli kutoka bandari ya Malindi, Unguja, mpaka Pemba pamoja na gharama za bandarini, na vile vidogo vidogo visivyoandikwa. Tuseme vyote vimekula Sh 250,000. Umetumia Sh 3,350,000 na mfukoni zimebaki Sh 250,000. Mtu mwenye familia, Sh 250,000 ni homa mbili za watoto.

Na wewe una mikarafuu. Unajua kuliko mimi kwamba mikarafuu haizai sawa mwaka hadi mwaka. Ukipata msimu mnono, unaofuata mara nyingi huwa wa kubahatisha. Tena karafuu zinataka pesa kabla hazijaleta pesa: wachumaji, majamvi, chakula cha watu, kuanika. Mwenye pesa wakati huo huchuma, huanika na kupeleka ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, mwenyewe kwa bei inayojulikana. Asiye na pesa huikodisha mikarafuu ingali na maua kwa mwenye nacho, kwa bei ya mwenye nacho. Nimewaona watu waliojisifu kwamba hawana deni la mtu, wakakodisha shamba zima kwa sababu hawakuwa na laki tano za kuanzia kuchuma. Walichopoteza hapo kilikuwa kikubwa kuliko faida ya duka lolote. Gharama hii haionekani kwenye karatasi yoyote, ndiyo maana watu hawaihesabu wanapopiga hesabu ya taslimu.

Basi msimamo wangu kabla sijaenda mbali: usitoe zote, na usichukue awamu za duka. Kuna njia ya katikati, nayo ni nyepesi kwako kwa sababu una mshahara wa serikali. Lakini lazima tupite kwa ami yako kwanza, maana njia hiyo nayo ataiulizia.

Mimi ni mtu wa hesabu, si wa fatwa. Ukitaka kujiridhisha nenda kwa sheikh wako au Ofisi ya Mufti. Ninachoweza kukueleza ni yale yaliyoandikwa na wenye elimu na yanayogusa mkataba wako. Kuuza kitu kwa bei kubwa zaidi kwa sababu malipo yamecheleweshwa, wanazuoni walio wengi wa madhehebu manne wanaikubali, kwa sharti bei iwe moja na ijulikane wakati wa kukubaliana. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, baraza la kimataifa la wanazuoni, ilipokutana Jeddah mwaka 1990 ilipitisha hivyo hivyo. Muuzaji anaweza kukutajia bei ya taslimu na bei ya awamu, wewe ukachagua, mkafunga mkataba juu ya moja. Kinachokatazwa ni deni kuongezeka kwa sababu umechelewa kulipa. Hapo ndipo ami yako anapoweza kuwa sahihi bila ya kuuona mkataba, kwa sababu mikataba mingi ya awamu ina kifungu cha faini: ukichelewa siku kadhaa unaongezewa kiasi fulani, kinaingia kwa muuzaji. Soma kifungu hicho kabla ya kusoma kingine chochote. Kikiwepo, mpe ami yako haki yake.

Na tofauti nyingine anayotakiwa kuijua: mkopo wa pesa si sawa na bidhaa iliyouzwa kwa awamu. Ukipewa Sh 2,000,000 taslimu ukatakiwa urudishe Sh 2,400,000, hiyo ndiyo riba anayoiogopa, hata kama pesa umenunulia pikipiki.

Njia ya katikati ni murabaha. Benki inanunua pikipiki kwa muuzaji, inaimiliki, kisha inakuuzia wewe kwa bei ya kununulia pamoja na faida iliyotajwa, unalipa kwa awamu kupitia mshahara. PBZ, Benki ya Watu wa Zanzibar, wana upande wao wa huduma za Kiislamu, na wako wengine. Zunguka uulize kabla ya kuamua. Dalili ya kujua kama ni murabaha ya kweli au jina tu iko kwenye karatasi. Hati ya bei ya duka iandikwe kwa jina la benki, pesa ziende kutoka benki kwenda dukani, na mkataba wako wa kununua uje baada ya benki kuwa imeshanunua. Wakikuwekea pesa kwenye akaunti yako wakakwambia "nenda kajinunulie", hiyo wameibatiza jina.

Usichukue murabaha ya pikipiki nzima. Chukua ya kipande. Tuseme benki inakutaka uweke Sh 1,800,000 na yenyewe inabeba Sh 1,300,000. Faida yao sijui watakutajia ngapi siku utakayokwenda, lakini kwa mfano tu tuseme 15 kwa mia kwa mwaka, nawe unalipa kwa miezi 12. Uliza papo hapo: 15 kwa mia ya nini? Ikiwa ni ya kiasi chote cha mwanzo, faida ni Sh 195,000 na rejesho ni kama Sh 124,600 kwa mwezi. Ikiwa inahesabiwa juu ya salio linalopungua, faida inashuka mpaka kama Sh 108,000 na rejesho ni kama Sh 117,300. Asilimia ni ile ile inayotajwa mdomoni, pesa ni tofauti karibu mara mbili. Ndiyo maana mimi huwa siwaulizi benki asilimia kabisa. Nawauliza: mpaka siku ya mwisho nitakuwa nimekupeni shilingi ngapi, pamoja na ada ya kufungua jalada, bima na kila kitu? Karani akikujibu kwa namba moja, hiyo ndiyo ya kulinganisha na Sh 740,000 za duka.

Ona sasa ulipofika. Umetoa mfukoni Sh 1,800,000 pamoja na zile Sh 250,000 za usajili na mengineyo. Zimebaki Sh 1,550,000. Msimu wa karafuu ukija unao mtaji wa kuchumia, mtoto akiumwa unazo, na rejesho ni karibu nusu ya lile la duka. Kwa hayo yote, hata kwa hesabu mbaya zaidi kati ya zile mbili, umelipa Sh 195,000. Mimi naiona bei hiyo ni halali kwa maana zote mbili za neno. Na msimu ukija mzuri, unaweza kulimaliza deni mapema. Uliza kama watakupunguzia faida ya miezi iliyobaki. Baadhi hupunguza kwa hiari yao. Usitegemee mpaka umesikia kwa masikio yako.

Ikiwa benki inakuzungusha, au inataka ukope miaka mitatu ndipo ikukubalie, achana nao. Pikipiki inayokwenda kilomita 50 kwa siku, baada ya miaka miwili inadai mnyororo mpya, tairi, pengine na pistoni, na wewe bado unailipia upya wake. Hapo rudi dukani na taslimu yako, lakini ununue ndogo. Ya 100 inakubeba wewe na mkoba wa madaftari bila ya shida. Vilima vya Wete havijaishinda, na ukishafika upande wa Micheweni ardhi ni tambarare. Bei yake ni ya chini, inakula mafuta kidogo, na tofauti inabaki benki. Watu wanataka 125 na 150 kwa ajili ya mizigo na abiria. Mwalimu peke yake hana haja nayo, ni heshima tu ya barabarani.

Na ukienda na taslimu usilipe bei ya kwenye kibandiko. Mwenye pesa mkononi anayo nguvu, hata kama duka limeandika "bei haipungui". Bei ikikataa kushuka, omba vitu: helmeti, usajili, huduma ya kwanza ya kubadilisha oili ambayo kwa pikipiki mpya hufika mapema, kwa kawaida kilomita 500 za mwanzo, na wewe utazimaliza ndani ya wiki mbili. Waulize pia dhamana yao inatumikaje Pemba. Dhamana inayokutaka upandishe pikipiki melini kuipeleka Unguja kila ikikohoa ni karatasi tu. Mimi ningemtafuta kwanza fundi wa Chake Chake au Wete nimuulize spea za aina ipi anazo rafuni, kisha ndio nichague pikipiki. Wengi wanafanya kinyume.

Ukiangalia hayo yote bado ukataka awamu za duka, kwa sababu zako, basi fanya hivi. Kadi ya usajili isomeke jina lako, hata kama wao wanaishikilia kama rehani mpaka umalize. Kadi ikibaki kwa jina la duka na duka likafilisika, utabaki na maneno. Namba ya injini na ya fremu uzisome mwenyewe kwenye chuma, uzilinganishe na kadi. Hakikisha unachonunua kinasajiliwa Zanzibar na kupewa namba ya Z. Pikipiki iliyokwishasajiliwa Bara, yenye namba ya MC, ina safari nyingine ya makaratasi, na bei yake ndogo huwa ina sababu. Kisha uliza swali ambalo hakuna anayependa kuliuliza siku ya furaha: nikishindwa mwezi wa tisa mkaja kuichukua, nilizokwishalipa zinakwendaje? Mkataba ukisema zimepotea zote, usitie saini. Wakiichukua na kuiuza, wakatoa kilichobaki kwenye deni, ziada inatakiwa irudi kwako, na hilo liandikwe. Kila rejesho lipite kwenye simu au benki ili libaki na alama.

Bima nayo tusiipite. Bima ndogo, ile ya lazima, inamlipa uliyemgonga. Pikipiki yako ikiibiwa usiku au ikiingia mtaroni, haikulipi hata senti. Ukikopa, mkopeshaji kwa kawaida atakulazimisha bima kubwa, na hiyo ni gharama ya kuingiza kwenye ile namba moja niliyokwambia uulize. Ukilipa taslimu hakuna wa kukulazimisha, na hapo watu hujisahau. Mimi ningekata bima kubwa kwa mwaka wa kwanza hata bila ya deni, maana utakuwa umeweka sehemu kubwa ya akiba yako kwenye kitu chenye magurudumu mawili. Kama unapendelea takaful, yaani bima ya Kiislamu, uliza, ipo.

Halafu osha mnyororo. Utakuwa unapita barabara za karibu na pwani, na Tumbe hutakosa wa kukuomba umchukulie samaki wake. Maji ya chumvi yanaula mnyororo na rimu haraka sana, na dhamana ya duka haigusi kutu.

Sasa mpwa wako. Jioni anataka kubeba abiria kwa pikipiki yako. Ukikata bima ya matumizi binafsi halafu siku ya ajali ikaonekana alikuwa na abiria wa kulipa, kampuni ina sababu ya kukataa, na aliyeumia atakuja kwako kwa sababu jina kwenye kadi ni lako. Bima ya biashara ipo, ni ghali zaidi. Mkataba wa benki nao unaweza kukataza biashara, usome. Na hesabu atakayokuletea jioni, itoe mafuta, itoe uchakavu, kwa kuwa chombo kinachofanya kazi asubuhi na usiku kinazeeka mara mbili, kisha angalia kimebaki nini. Sehemu nyingi nilizowahi kupiga hesabu hii, kilichobaki hakikutosha hata kulipia tairi kabla ya wakati wake, tena kesho asubuhi mwalimu anakuta tangi tupu.

Kama kijana ana nia kweli, achukue leseni kwanza. Akishaipata, atafute pikipiki ya kwake kupitia kikundi au SACCOS, au aende ofisi za Wakala wa Uwezeshaji Wananchi Kiuchumi, ZEEA, ambao wanashughulika na mikopo ya wajasiriamali kama yeye. Yake itakuwa ya kuzalisha, na hesabu yake ni nyingine kabisa na hii niliyokupigia wewe. Akitaka, na aniandikie mwenyewe, aniambie kijiwe chake kiko wapi na kwa siku anategemea kupata ngapi.